Taa za LED za kuvulia sambaza: chukua taa, betri ya seti iache dukani

Seti hii unaikuta siku hizi kwenye maduka ya vifaa vya sola pale Birere, Goma: taa tatu za LED za wati 20, betri ya asidi ya volti 12 na Ah 40 (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba), paneli moja ya wati 100, na mita 8 za waya mwembamba. Muuzaji anasema inatosha usiku mzima Ziwa Kivu, kuvua sambaza, wale samaki wadogo wanaofuata mwanga. Taa ni nzuri kweli. Betri ndiyo itakayokuangusha.

Piga hesabu mwenyewe. Taa tatu zinakula wati 60. Ukiwasha giza linapoingia na kuzima alfajiri, tuseme saa 10 za mwanga, umetumia wati-saa 600. Betri ya Ah 40 ina wati-saa 480 tu (volti 12 mara 40), na betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, maana ukiizoesha hivyo inakufa mapema. Basi zilizo zako ni 240, yaani saa nne za mwanga. Umewasha saa kumi na mbili na nusu jioni. Kufika saa nne na nusu usiku unaanza kuiua betri, na nyavu bado iko majini. Kwa taa tatu tafuta Ah 100 ya asidi, au lithiamu ya Ah 60, ambayo inakubali kutumiwa robo tatu ya chaji yake na zaidi. Lithiamu inataka kidhibiti chaji (kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri) chenye mpangilio wake, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Paneli ziwe mbili za wati 100. Hata hizo, wiki ya mvua ya mfululizo hazitajaza.

Taa zenyewe zinastahili sifa. Karabai inamaliza lita moja ya mafuta ya taa kwa saa nane hivi. Karabai tatu ni karibu lita nne kila usiku, na manshoni, kile kitambaa kinachotoa mwanga, inapukutika wimbi likipiga mtumbwi. LED haina manshoni, haina pampu, haizimwi na upepo. Ila pima kabla ya kununua: taa ya kweli ya wati 20 inavuta ampea 1.7 kwenye volti 12. Mita ikionyesha chini ya ampea 1, hiyo si wati 20, hata kama imeandikwa hivyo mgongoni.

Namna ya kuifunga si ile ya karabai. Karabai inamwaga mwanga pande zote. LED inatupa upande mmoja. Ining'inize kama mita moja juu ya maji, uso ukitazama chini wima. Ukiilaza, mwanga mwingi unateleza juu ya maji na kuishia machoni mwa mitumbwi ya jirani, wala samaki hawaupati.

Kasoro inayoudhi zaidi ni swichi: seti inakuja na moja kwa taa zote tatu. Aliyeitengeneza hajawahi kuvuta nyavu ya sambaza. Kabla ya kuvuta, taa za pembeni huzimwa na ya katikati hubaki, ili kundi lijikusanye juu ya nyavu. Ukizima zote kwa mpigo, samaki wanatawanyika. Weka swichi tatu, kila taa na yake.

Waya wa seti utupe. Ni wa milimita mraba 0.75, na kwa mita 8 kwenda na 8 kurudi, taa zote tatu zikiwaka, unapoteza karibu volti 2 njiani. Mwanga unafifia na watu wanalaumu taa. Waya wa 2.5 unapoteza kama nusu volti tu.

Halafu unyevu. Tazama pale waya unapoingia mgongoni mwa taa: kuna mpira mdogo uliokaa legelege. Taa ikiwaka inapata joto, ikizimwa inapoa na kuvuta hewa ya ziwani ndani. Baada ya muda kioo kina ukungu na shaba imegeuka kijani. Maji ya Kivu yana madini mengi, yanaharakisha kutu. Ziba mpira huo kwa silikoni ukiwa bado nyumbani, acha ikauke siku nzima, na waya uning'inie chini ya taa kabla ya kupanda, ili matone yadondoke pale badala ya kufuata waya hadi ndani. Vibanio vya meno vya betri navyo viondoe. Funga kwa boliti na upake grisi.

Betri ikae mtumbwi wa katikati kati ya ile mitatu iliyofungwa pamoja, ndani ya sanduku la plastiki lililofungwa kwa kamba na kuinuliwa juu ya maji ya ndani ya mtumbwi.

Kuhusu mbalamwezi, taa hizi hazibadilishi kitu: mwezi ukijaa, sambaza hawaji kwenye mwanga wa LED kama wasivyokuja kwenye karabai. Na karabai moja iliyojazwa mafuta ibaki mtumbwini, kwa usiku ambao jua halikutosha mchana.