Tahadhari: All-in-One za mtumba zinazouzwa Nairobi kama monita

Jamani, mnaotafuta skrini ya pili ya kufanyia kazi nyumbani, someni hii kabla hamjatoa pesa. Kuna wauzaji katikati ya jiji, upande wa Luthuli na Moi Avenue, wanaouza kompyuta za mtumba za All-in-One, zile ambazo skrini na mashine ni kitu kimoja, wakiapa kwamba utachomeka laptopu yako kwa HDMI, ile kebo ya kupitishia picha, na uitumie kama monita. Nyingi haziwezi kabisa. Na ubaya wenyewe ni huu: dukani wanakuonyesha ikifanya kazi.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Mteja wangu mmoja, dada anayefanya uhasibu akiwa kwake nyumbani, aliuziwa moja kwa Sh24,000. Aliuliza waziwazi kama ataweza kuunganisha laptopu yake. Akaambiwa ndiyo, akaonyeshwa kwa macho, akalipa kwa M-Pesa. Kufika nyumbani, akachomeka kebo, akawasha, mashine ikafungua Windows yake yenyewe na laptopu haikuona skrini yoyote. Alipopiga simu dukani akaambiwa kebo yake ni feki. Akanunua nyingine. Akaambiwa basi laptopu ndiyo mbovu. Hapo ndipo akaniletea vyote viwili.

Sikuhitaji hata kuiwasha. Nyuma kulikuwa na tundu moja tu la HDMI, na kando yake pameandikwa OUT kwa herufi ndogo. Maana yake picha inatoka hapo kwenda kwenye skrini nyingine au projekta, haiingii. Ndani ya mashine hizi kioo kimeungwa moja kwa moja na bodi yake, na kama kiwandani hawakuweka njia ya kuingizia picha, hakuna kebo, adapta wala programu itakayoligeuza tundu la kutoa liwe la kupokea. Matundu ya IN na OUT yana umbo lile lile, kebo inaingia sawasawa kote kuwili, kwa hiyo mnunuzi hana kosa lolote akiamini anachoambiwa. All-in-One zenye HDMI IN zipo, HP na Lenovo wamewahi kuzitoa, na kwa kawaida huwa na kitufe cha kubadilisha chanzo cha picha. Lakini ni baadhi tu.

Sasa alionyeshwaje? Nilienda naye mpaka dukani nikaomba turudiwe onyesho. Kijana akatoa laptopu ya duka, akachomeka kebo ya HDMI huku na huku, akabonyeza vitufe viwili, tukasubiri kidogo, na picha ya laptopu ikatokea kwenye skrini kubwa. Nikaangalia kishale cha mausi: mkono unasogea, kishale kinafuata baadaye. Nikanyoosha mkono nikachomoa kebo. Picha ikabaki pale pale.

Alikuwa anairusha kwa waifai. Windows 10 na 11 zina uwezo huo: mashine moja inawekwa tayari kupokea, kwenye nyingine unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na K, zinatafutana na kuungana. Kebo iliwekwa pale kumdanganya mteja, basi. Njia hiyo ya waifai si mbaya kwa mtu anayejua anachonunua, lakini picha inachelewa, inakatika mtandao ukizidiwa, na lazima mashine nzima iwe imewaka na Windows yake. Mtu anayeshinda kwenye majedwali ya hesabu kutwa nzima hawezi kuitegemea.

Tulipomwambia, jibu lake lilikuwa, "Boss, si picha mmeiona?" Kisha akatuonyesha risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Akamwambia dada aongeze pesa apewe monita ya kawaida, wakati monita za kawaida zilikuwa zimepangwa nyuma yake kwa bei isiyofika nusu ya ile aliyokwisha kulipa. Hilo liliniudhi kuliko yote, kwa sababu alijua tangu mwanzo anachohitaji yule dada, na alikuwa nacho.

Kwa upande wa iMac, yaani All-in-One za Apple, mtego ni tofauti kidogo. Kweli ziko iMac zinazoweza kuwa skrini ya mashine nyingine: za inchi 27 za 2009 na 2010, na zile za 2011 hadi katikati ya 2014. Za Retina 5K, kuanzia mwisho wa 2014, haziwezi. Muuzaji atakuonyesha namba A1419 chini ya mguu wa mashine akuambie "ni ile ile". Usikubali, maana Apple walitumia namba hiyo kwa iMac za inchi 27 kuanzia 2012 hadi 2017, zinazoweza na zisizoweza. Fungua sehemu ya kuhusu Mac hii uone mwaka. Hata ikiwa ya mwaka unaofaa, lazima mfumo wake endeshi uwe macOS High Sierra au wa zamani zaidi, na kwa za 2011 hadi 2014 kebo iwe ya Thunderbolt, yenye alama ya radi. Ya Mini DisplayPort inaingia vizuri tu lakini haileti kitu. Mwenye laptopu ya Windows yenye HDMI pekee asiguse hizo za Thunderbolt.

Ukienda kununua, beba laptopu yako na kebo yako. Zima waifai ya laptopu kabla hawajakuunganishia chochote. Picha ikija, chomoa kebo: ikizimika papo hapo, ni ya kweli. Halafu mwambie muuzaji aandike kwenye risiti kwamba mashine inapokea picha kupitia HDMI IN. Akikataa kuandika, ondoka.

Kwa aliyekwisha kuuziwa hivi, ile "hairudishwi" isikuzime. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji ili imfae. Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai yasiyozidi Sh1,000,000, na unaweza kujisimamia bila wakili. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa, risiti na mazungumzo yote ya WhatsApp. Piga video kebo ikichomolewa na picha ikibaki. Dada huyu anavyo vyote hivyo, na anaandaa madai yake.