Mbio za Mashua za Tanga Mwanza: Majini Pazuri, Nchi Kavu Bado

Klabu za mashua za tanga katika Ziwa Victoria ni chache, na zinazomruhusu mtu asiye mwanachama kushiriki mbio zao za mwisho wa juma ni chache zaidi. Kwa hiyo tangazo la klabu moja ya upande wa Mwanza, lililoahidi siku mbili za mbio, mashua za kukodi, chakula cha mchana na sehemu ya watazamaji, lilinivutia. Nilijiandikisha, nikakodi mashua, nikashiriki Jumamosi na Jumapili. Ada ya kushiriki pamoja na ya mashua ilikuwa pungufu ya gharama ya chakula cha jioni cha watu wawili katika hoteli kubwa za mjini, na kwa kiwango hicho sina malalamiko ya bei.

Malalamiko yangu ya kwanza ni ya ratiba. Raundi ya kwanza ilipangwa saa tatu asubuhi, ilhali aliyekulia kando ya ziwa hili anajua kwamba saa hizo upepo wa usiku, ule utokao nchi kavu kwenda majini, umekwisha nguvu, na upepo wa mchana haujaanza. Nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa yake ikishapanda, hewa ya ziwani iliyo baridi zaidi huvuma kuja kuijaza nafasi hiyo, na kwa kawaida mvumo huo haupati nguvu mpaka jua likaribie utosini. Tuliingia majini kwa wakati, matanga yakaning'inia kama nguo kwenye kamba, huku mitumbwi ya wavuvi wa dagaa ikipita katikati yetu kurudi mwaloni na taa zake za usiku. Kamati ilipandisha bendera ya milia myekundu na myeupe kuashiria kuahirishwa, na bendera hiyo ikabaki juu hadi adhuhuri. Kuahirisha kulikuwa uamuzi sahihi. Kosa lilikuwa kutuamsha alfajiri kwa ajili ya upepo ambao waandaaji wenyewe walijua haupo, kisha siku ya pili wakairudia ratiba ileile bila kubadilisha hata dakika.

Upepo ulipofika, hata hivyo, sikuwa na la kulaumu kuhusu mbio zenyewe. Boya la juu liliwekwa upande upepo unakotokea, na la chini upande wa pili, hivi kwamba nusu ya njia mtu alilazimika kupiga bisha, akienda mshazari huku na huku, kwa kuwa hakuna mashua inayoweza kwenda moja kwa moja dhidi ya upepo. Msimamizi wa mbio hakuridhika na mpangilio wa kwanza. Upepo ulipogeuka kidogo baada ya raundi moja, aliagiza boya la juu ling'olewe na kuhamishwa, kazi ambayo wasimamizi wengi huikwepa kwa uvivu. Uzinduzi wa kila raundi ulifuata utaratibu unaotumika duniani kote: ishara ya bendera na honi dakika tano kabla, nyingine dakika nne kabla, nyingine dakika moja kabla, kisha mwanzo wenyewe. Saa yake haikupotea hata sekunde, na mashua iliyovuka mstari mapema ilirudishwa bila kujali ni ya nani.

Ugumu mtamu wa eneo hili unatokana na vilima vya mawe ya matale vinavyoizunguka Mwanza. Upepo wa ziwani ukifika karibu na mawe hayo hugawanyika na kujikunja, ukiacha nyuma yake sehemu tulivu na pembeni mivumo ya ghafla. Katika raundi ya tatu, walioongoza walilikaribia mno jabali moja lililo upande wa kushoto wa njia, matanga yakalegea, na wawili waliokuwa nyuma wakawapita hatua chache tu kutoka kwao. Mtumbwi wa tanga lililoshonwa kwa viroba ulikuwa umepita muda mfupi kabla, ukilizunguka jabali hilo kwa duara pana. Nadhani sisi sote tuliuona, ila hakuna aliyefikiri kwamba unatufundisha lolote.

Mashua nyingi zilizokuwepo ni za aina ya Laser, ambayo tangu 2019 inajulikana pia kwa jina la ILCA. Ni mashua ya mtu mmoja, yenye urefu wa mita 4.2, mlingoti wa vipande viwili na tanga la takriban mita saba za mraba. Ilibuniwa na Mkanada Bruce Kirby, na imekuwemo katika Michezo ya Olimpiki tangu Atlanta 1996. Wepesi wake unalifaa ziwa hili, lililo zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya pwani, na upepo wa kasi ileile husukuma tanga kwa nguvu ndogo kidogo. Aliyezoea bahari ya Tanga au Mombasa atashangaa kuona mashua haimlemei alipotarajia kulemewa.

Mashua niliyopewa mimi ilikuwa nzima kwa kuitazama. Nilipoegemea nje mara ya kwanza ili kuisawazisha, niliona kuwa mkanda wa kushikia miguu umechanika nusu upana wake, ukishikiliwa na nyuzi chache zilizofifia kwa jua. Ungekatika, ningeanguka kwa mgongo majini, na mashua ingejiendea. Nilirudi ufukoni, na fundi wa klabu, kijana mpole na mwepesi wa mikono, akaubadilisha kwa kipande cha kamba haraka kiasi kwamba niliwahi raundi iliyofuata. Fundi anastahili pongezi, lakini kifaa cha kukodisha hukaguliwa kabla ya mteja kukitumia.

Katika usalama kuna mazuri na mabaya. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia majini bila jaketi okozi, wakiwemo wazee wa klabu waliojaribu kusema wao ni wazoefu. Mji huu umeshazika watu wengi mno, wale wa meli ya MV Bukoba iliyozama Mei 1996 na wengine wengi baada yao, kiasi kwamba mtu hawezi kudhani uzoefu unatosha. Boti mbili za uokoaji zilizunguka muda wote. Lakini mahali pa kuteremshia mashua ni kwenye maji ya magotini yenye matete, makazi ya konokono wanaoeneza kichocho, na hapakuwa na bango wala mtu wa kumwonya mgeni. Watoto wa mashua ndogo za Optimist walisimama humo miguu mitupu wakisubiri zamu. Gati fupi la mbao lingemaliza tatizo hilo, na hadi lijengwe, viatu vya mpira virefu viwekwe kwenye orodha ya vitu vya kuja navyo.

Niliona pia jambo lililonipa heshima kwa vijana wa klabu hiyo. Sheria inaitaka mashua inayopokea upepo kutoka kushoto iipishe inayoupokea kutoka kulia. Karibu na boya la juu, msichana mmoja alichelewa kupisha, akaigusa mashua ya mwenzake kidogo tu, mahali ambapo kamati isingeweza kuona. Bila kuambiwa alijitenga na kundi, akaizungusha mashua yake mara mbili kamili kama adhabu inavyotaka, akapoteza nafasi tatu.

Kwa hiyo nilisikitika kuona matokeo yakiandaliwa kwa uzembe. Palikuwa na mashua za aina tofauti, na katika mbio za namna hiyo muda wa kila mashua hugawanywa kwa namba maalumu ya aina yake ili nyepesi na nzito zilinganishwe kwa haki. Karatasi iliyobandikwa ukutani jioni ya Jumapili ilionyesha majina na nafasi tu, bila muda na bila namba zilizotumika. Nilipouliza, nilijibiwa kwa adabu kwamba hesabu imefanyika. Sina shaka imefanyika. Ninachotaka ni kuiona.

Watazamaji walipewa viti vya plastiki chini ya mwembe, mahali ambapo boya la juu halionekani, na hakuna aliyewaeleza kinachoendelea. Sato wa kuchoma alikuwa mzuri, ugali ulitosha.

Kwa anayetaka kushindana, ninapendekeza aende, achague wikendi ya kiangazi kati ya Juni na Septemba, afike ufukoni mapema kuikagua mashua yake kamba kwa kamba, na ale kifungua kinywa bila haraka, maana raundi ya saa tatu itaanza saa sita. Kwa anayetaka kutazama tu, ninashauri asubiri mpaka klabu itakapotenga nafasi kwenye boti ya kamati au itakapohamishia viti juu ya mawe.