TAHADHARI: Muuza "seti mpya" za kunyanyua pikapu anayezunguka Mbeya

Wakuu, habari za baridi.

Kuna jamaa anauza seti za kunyanyua pikapu kwa madereva wa Uyole, Mwanjelwa hadi Tukuyu, na nasikia sasa anapokea oda za Makambako na Mafinga. Laki sita seti nzima, mbele na nyuma, "mpya kwenye boksi", na kufungiwa juu yake. Msimpe hela. Jina sitaji, kwa sababu kila mteja amepewa jina tofauti, na laini za simu anabadilisha vilevile. Nitaeleza mzigo wenyewe ulivyo, ili hata akimtuma mtu mwingine muutambue.

Jirani yangu anabeba viazi kutoka Isyonje kushusha Uyole, ana Hilux ya zamani, ile ya tosheni baa mbele (fimbo ndefu ya chuma inayojisokota badala ya springi) na springi za majani nyuma, yaani bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine. Mvua zikianza zile njia za mashambani zinakuwa makorongo, tumbo la gari linakwaruza katikati, kwa hiyo kutaka kunyanyua si ulimbukeni. Jamaa akaja na fundi wake, mchana mmoja kazi imekwisha, gari imesimama juu mpaka watoto wa mtaa wanaishangilia. Alipopakia lumbesa mara ya kwanza, nyuma ikalala upande wa kulia na haikuinuka tena.

Tukaifungua. Boksi lilikuwa na stika ya kampuni moja maarufu ya springi ya Australia, ila herufi zimechapwa ovyo, wino unatoka kwa kidole. Jani moja tukalimwagia petroli na kusugua kwa brashi ya waya. Rangi nyeusi ikabanduka, chini yake kutu ya miaka yenye vishimo, na katikati pameshika rangi ya samawati na kahawia. Hiyo ni alama ya moto wa gesi ya kuchomelea. Yaani amechukua springi zilizochoka kwenye skrepa, akazipasha moto, akazikunja upya kwa nyundo, akapaka rangi.

Mafundi wetu wengi watakwambia hakuna shida, "zinakunjwa kila siku". Shida ipo. Chuma cha springi kinapata ugumu wake kiwandani: kinapashwa moto, kinazimwa, halafu kinapashwa tena kwa kipimo maalumu ili kiwe kigumu na bado kinyumbuke. Ukikipiga gesi kwa kukadiria kwa macho, umefuta kazi yote ile. Kikipoa chenyewe kinakuwa laini na kulala mzigo ukikaa. Kikimwagiwa maji kinakuwa kigumu kupita kiasi na kukatika kama biskuti, na kwa kawaida kinasubiri uwe kwenye mteremko.

Springi zilikuwa nafuu ukilinganisha na vilivyokuwa chini yake. Vile vitofali vinavyokaa kati ya springi na ekseli, ambavyo kwa haki vinatakiwa viwe vya chuma kizito cha kipande kimoja, alitengeneza kwa skwea paipu, akaziba pembeni kwa kuchomelea na kupaka rangi ya njano. Kimoja kilikuwa kimeshaanza kubonyea. Kitofali kikibonyea, yubolti (zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) zinalegea papo hapo, sentabolti, ile ya katikati ya majani, inabaki peke yake kuzuia ekseli isitembee, nayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ikikatika, ekseli inarudi nyuma upande mmoja na gari inajiendea yenyewe. Wanaopanda Hamsini na Saba, ile njia ya kona ya Chimala kwenda Matamba, wanajua nasema nini.

Na yubolti zenyewe? Nondo. Nondo za ujenzi zilizokunjwa na kuchongwa nyuzi mwishoni. Alizisaga kwa grinda, lakini karibu na kona ile mistari ya nondo bado ilikuwa inaonekana. Hapo ndipo nilipoishiwa maneno.

Mbele hakufunga kitu chochote. Boksi lilikuwa na bushi mbili ambazo hata hazikutumika. Alichofanya ni kukaza zile bolti za kurekebishia tosheni baa mpaka mwisho, kazi ya spana na nusu saa, halafu akahesabu kama "seti ya mbele". Kukaza tosheni baa hakuongezi nguvu, kunabadilisha tu kimo ambacho gari inasimama. Ukizidisha, mkono wa juu unakaa umegusa kizuizi chake, tairi ikishuka kwenye shimo unasikia "ko!", sivi jointi (viungo vya shafti zinazozungusha tairi za mbele) zinafanya kazi zimekunjama na mipira yake inachanika mapema, boljointi, vile viungo vya mikono ya tairi, nazo zinateseka. Alainmenti, yaani unyoofu wa tairi, hakupima, na tairi za mbele zimeliwa upande tayari.

Kitu kingine ambacho hakugusa: Hilux nyingi zina valvu ya breki za nyuma yenye fimbo iliyoshikizwa kwenye ekseli, inayopima mzigo. Ukinyanyua bodi, valvu inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma. Umejaza viazi, gari inajua haina kitu. Fimbo hiyo inatakiwa irekebishwe, na mipira ya breki ikaguliwe isiwe imevutika.

Malipo anafanya hivi: mnakutana barabarani, dukani kwake huendi kamwe. Nusu unalipa kabla. Anakupa lipa namba, ukitaka kulipa anasema ina tatizo, hela tuma kwenye namba hii. (Ndiyo, sentensi ileile tunayoicheka kila siku.) Jina linalotokea si lake, na ukiuliza risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) anasema mashine iko Dar.

Asiye na mamilioni ya seti halisi bado ana njia. Nyuma, ongeza jani moja zima lisilopigwa moto, au weka kitofali kimoja cha chuma kisichozidi inchi 2, usipandanishe viwili, na usikiweke kamwe kwenye ekseli ya mbele. Yubolti nunua mpya za dukani, na ukishatembea kama kilomita 500 uzikaze tena. Mbele, tosheni baa ikazwe kidogo tu halafu uende alainmenti. Wenye Vigo, ile Hilux ya toleo la baadaye, hawana tosheni baa. Kwao ni spesa (kipande cha kuongeza kimo) juu ya shokapu, na spesa ya sentimita 2.5 inanyanyua karibu mara mbili yake kwenye tairi, kwa hiyo msione ni ndogo. Na mjue kabisa kwamba kazi zote hizi zinanyanyua bodi na chasisi tu. Difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, haipandi hata milimita. Hiyo inapandishwa na tairi kubwa, na kama kinachogonga kwako ni difu hiyo, hela yako ipeleke huko kwanza.

Aliyekwisha kufungiwa na huyu jamaa, ingia chini na tochi kabla ya kupakia tena. Gonga vitofali kwa spana. Vikilia kama debe tupu, ni paipu. Angalia kona za yubolti. Ujumbe wake wa simu msifute: ule wa kuomba hela utumeni kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na muamala wenyewe utunzeni. Jirani ameshaandikisha maelezo polisi na vile vitofali amevihifadhi kwenye kiroba. Akiwa peke yake kesi ni nyepesi, kwa hiyo wengine mliouziwa andikeni hapa chini mko wapi na alijitambulisha kwenu kwa jina gani.