LibreOffice kwa mafaili ya zamani: uzoefu wangu na WordPerfect na WordStar

Nina steshenari Tanga mjini. Tunachapa, tunatoa kopi, tunaskani, tunafunga tasnifu. Ila wateja ninaowathamini kuliko wote ni wazee wastaafu wanaokuja na disketi ndani ya bahasha ya kaki. Humo mna historia za koo, mihutasari ya ushirika, hotuba, na tafsiri ambazo hazikuwahi kutoka kitabuni. Wengi wameshaambiwa kwingine kwamba hakuna kompyuta ya siku hizi inayoweza kuzisoma. Zinasomeka. Mimi natumia LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia kama Word, na nawashauri wenzangu wa kazi hii wawe nayo hata kama kutwa nzima wako kwenye Word.

Mwalimu mmoja alileta sura za kitabu alichokiandika miaka ya mwanzo ya 1990. Mafaili yaliitwa SURA01.KTB, SURA02.KTB, na kuendelea. Enzi za DOS, mfumo wa kompyuta uliotumika kabla ya Windows kuenea, jina halikuzidi herufi nane, kisha nukta, kisha herufi tatu, na hizo tatu mtu alijichagulia. Yeye alichagua KTB kwa ajili ya kitabu. Windows ikikutana na KTB haijui imkabidhi nani.

“Shikamoo mwalimu. Haya uliyaandika kwa programu gani?”

“Marahaba, mwanangu. Ile ya skrini ya bluu, maandishi meupe.”

Hapo nikajua ni WordPerfect, programu ya kuandikia ya enzi hizo, na kwa miaka hiyo yaelekea ni toleo la 5.1 lililotoka 1989. Ukitaka kuhakikisha, fungua faili kwa Notepad. Utaona vurugu tupu, lakini mwanzoni kabisa zitasimama herufi ÿWPC. Ukiziona hizo, hiyo ni WordPerfect, jina la faili liwe lolote. LibreOffice nayo huchungulia ndani ya faili badala ya kutegemea jina, ndiyo maana sura za mwalimu zilifunguka bila kubadilisha chochote.

Vichwa vya habari vilikuja, maneno mazito na ya mlazo yalikuja, na tanbihi zilikaa chini ya kurasa zake. Kilichohama ni mgawanyo wa kurasa. WordPerfect ya DOS ilipanga mistari kwa kufuata printa uliyoichagua, na printa ile haipo tena, wala fonti zake. Kwa hiyo orodha ya yaliyomo, ambayo mwalimu aliichapa kwa mkono pamoja na namba za kurasa, ikawa hailingani na kitabu. Tuliifuta, tukavipa vichwa vyote mtindo wa kichwa, LibreOffice ikatengeneza orodha upya yenyewe. Tanbihi tulizipitia moja moja tukilinganisha na nakala yake ya karatasi ndefu zenye vitobo pembeni. Kazi hiyo usimwachie kijana wa dukani peke yake. Kaa na mwenye maandishi, maana yeye ndiye anayejua kilichokosekana.

Mafaili yakiwa mengi, usifungue moja moja. Fungua dirisha la amri, andika soffice --headless --convert-to odt --outdir mpya, halafu majina ya mafaili, na yote yatabadilishwa kuwa ODT, muundo wa LibreOffice wenyewe, na kuwekwa kwenye folda inayoitwa mpya. Ndani ya LibreOffice kuna pia msaidizi wa kubadilisha mafaili kwa mkupuo, ila ni wa mafaili ya Microsoft Office. Kwa WordPerfect tumia amri.

WordStar ni habari nyingine. Programu hii ya kuandikia ilianza 1978, na LibreOffice haina njia ya kuitambua. Lakini Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko nilivyotarajia. WordStar iliweka alama kwenye herufi ya mwisho ya neno kwa kuiwasha biti ya nane, yaani kubadilisha namba ambayo kompyuta huihifadhi kwa herufi hiyo, hivyo leo inaonekana kama herufi nyingine. Ukifungua faili lake kwa Notepad, “kitabu” inasomeka kitabõ, “habari” ni habaré, “watoto” ni watotï, “mchele” ni mchelå, “mtama” ni mtamá. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, na irabu ni tano tu. Basi tafuta á weka a, tafuta å weka e, tafuta é weka i, tafuta ï weka o, tafuta õ weka u. Faili zima linarudi kusomeka papo hapo! Yanayobaki ni majina kama Hassan, ambalo linatokea Hassaî, na maneno ya Kiingereza. Hayo unayasahihisha kwa macho. Ukikuta mstari una nukta na herufi mbili kama .PA, hiyo ilikuwa amri ya kuanza ukurasa mpya, ifute. Kwa Kiingereza, chenye maneno yanayoishia kwa kila herufi, mtu anahangaika zaidi.

Mimi huhifadhi kwanza kwa ODT, kwa kuwa ni muundo ulio wazi, uliopitishwa kuwa kiwango cha ISO mwaka 2006, na hautegemei kampuni moja. Kisha natoa PDF/A ya kuweka kumbukumbu, ambayo hubeba fonti zake ndani. Mchapishaji akitaka DOCX, yaani faili la Word, naitoa kutoka kwenye ODT ile ile.

Tovuti za kubadilisha mafaili siziwekei mkono kwa kazi za watu. Kuna moja niliyoijaribu kwa barua isiyo na siri. Ilinirudishia PDF iliyokatwa katikati, tena bila onyo lolote. Kubwa zaidi ni kwamba wazee hawa huleta wasia, mikataba ya mashamba, barua za mahari. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, karatasi ya mtu haiondoki dukani kwangu kwenda kwenye kompyuta nisiyoijua.

Faili la asili silifuti wala silihifadhi upya. Linaingia kwenye flashi ya mteja likiwa kama lilivyokuja, kando ya ODT na PDF, ili picha au jedwali likigundulika baadaye kwamba halikuvuka, pawe na pa kurudia.