Hôtel Biron, Paris: wote mnakimbilia sanamu, mimi nawaambia angalieni nyumba

Haya jamani, kama mnapita Paris hii ni ile nyumba yenye makumbusho ya Rodin, mchongaji sanamu wa Kifaransa (hôtel hapa maana yake jumba la kifahari la mjini, si la kulala wageni), 77 rue de Varenne, unashuka metro Varenne laini ya 13 na umefika. Watu wengi niliowakuta pale wanaenda moja kwa moja kwa Mwenye Kufikiri, ile sanamu yake maarufu bustanini, selfi mbili tatu, basi wametoka. Mi nasema nyumba yenyewe peke yake inatosha kuifanya tiketi yako iwe na thamani!

Kwanza mwenye nyumba wa mwanzo. Anaitwa Abraham Peyrenc de Moras, na huyu si mtu wa ukoo mkubwa, alianza na kazi ya mawigi, halafu akaibukia kwenye biashara ya hisa enzi za John Law, yule Mskoti aliyeendesha fedha za Ufaransa kwa hisa zilizokuja kuporomoka, wakati nusu ya Paris inafilisika yeye anatoka tajiri wa kutupwa. Ujenzi ukaanza 1727, fundi mkuu Jean Aubert, yule yule wa mabanda ya farasi ya Chantilly, kaskazini mwa Paris (ambayo nayo ni kama kasri, sijui farasi walijisikiaje). Peyrenc mwenyewe akafa 1732, hata hajaifaidi. Baadae ikakaliwa na Duchess wa Maine, kisha 1753 akainunua Biron aliyekuja kuwa Marshal (cheo cha juu kabisa cha jeshi), jina likaganda hapo hapo.

Sasa ramani yake ndo utamu. Geti barabarani, unaingia uwanja wa mbele, nyumba katikati, bustani nyuma, yaani mtaani huoni kitu. Majumba ya Marais, mtaa wa zamani wa Paris, mengi yamebanwa na majirani kuta kwa kuta, lakini huku kwenye mtaa wa nyumba hii, Faubourg Saint-Germain, wakati ule ilikuwa pembezoni mwa mji na viwanja vilikuwepo, kwa hiyo hii imesimama peke yake, madirisha pande zote nne, mwanga unaingia mpaka unashangaa. Vyumba vya upande wa bustani vinaangalia kusini, nenda siku ya jua uone marumaru nyeupe ya sanamu inavyobadilika rangi.

Kilichoniuma ni mbao za kuchonga za ukutani na vioo. Masista wa shirika la Sacré-Cœur walichukua nyumba 1820 wakafanya shule ya mabinti, na kwao mapambo yale yalikuwa anasa tu, wakayang'oa wakauza!! Baadhi yamerudishwa baadae, ukikuta chumba kimevaa mbao zake simama hapo, usipite. Kikanisa walichojenga wao bado kipo karibu na lango.

Masista walipoondoka mwanzoni mwa karne ya 20 jumba likawa linapangishwa vyumba vyumba huku likisubiri kuvunjwa, mchoraji Matisse alikuwepo, mwandishi Cocteau alikuwepo, Rodin akaja 1908, na ndio akaiokoa, maana 1916 aliipa serikali kazi zake zote kwa sharti ziwekwe humo humo. Alikufa 1917, makumbusho yakafunguliwa 1919. Mzee alijua kupanga dili.

Bustani ni hekta 3 hivi, kuba la kanisa la Invalides, jirani hapo, linachungulia juu ya miti. Viatu vya kutembea tafadhali. Jumatatu wanafunga. Nyumba naipa 5 kati ya 5, na ukiwa na muda mchache acha foleni ya picha, panda ghorofani kwanza.