Uzoefu wangu: ndege ya viti viwili yenye injini ya Beetle, hapa Malindi

Swali la kwanza la kila mtu ni kama injini ya Volkswagen Beetle itabeba watu wawili kwenye joto letu. Inabeba, ila haitaki uzembe.

Yangu ni ya 2180 cc: kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ya milimita 82, pistoni za 92, nguvu za farasi kama 80. Propela imefungwa moja kwa moja kwenye kranki. Hakuna giaboksi, na kisichokuwepo hakiharibiki. Lakini propela inazunguka kwa kasi ileile ya kranki, hivyo lazima iwe fupi, na mkiwa wawili na tangi limejaa, mchana wa Februari inapanda kwa kujikongoja. Petroli inakunywa lita 15 hivi kwa saa.

Tatizo kubwa ni kupoza. Kwenye gari kuna feni. Hapa imeondolewa, injini inategemea upepo wa mwendo. Kusi likivuma unaiendesha ndege ardhini hadi mwisho wa uwanja upepo ukiwa mgongoni, injini haipati hewa. Unapaa ikiwa tayari imechemka. Hedi (vifuniko vya juu vya silinda) zikipita nyuzi 200, shusha pua uongeze mwendo. Usingoje zifike 230. Ziba kwa silikoni kila upenyo kwenye mabati yanayoelekeza hewa. Ingia gizani, mulika tochi kwa ndani: mwanga unapotokea ndipo hewa inapopotea.

Nafasi ya valvu pima kila saa 25 za kuruka, injini ikiwa baridi kabisa: milimita 0.15. Nafasi ya valvu moja ya moshi ikipungua kila unapopima, usiirudishe tu ukaendelea kuruka. Valvu inarefuka au kiti chake kinazama, na kichwa cha valvu kikikatika kinaangukia pistoni. Fungua hedi.

Wengi hucheka wakisikia barafu kwenye kabureta, panapochanganyika petroli na hewa, huku Pwani. Petroli ikigeuka mvuke hewa hupoa zaidi ya nyuzi 20, na hewa yetu imejaa unyevu. Vuta hewa ya moto, inayopashwa na ekzosi (bomba la moshi), kabla ya kupunguza mafuta wakati wa kushuka. Ukichelewa, ekzosi imeshapoa na haina joto la kukupa.

Chumvi nayo huanza kula pale boliti ya chuma inapogusa alumini. Osha kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi. Ya kisima onja kwanza, mengi huku yana munyu.