Filta ya wazi au boksi la kiwandani? Mark X yangu imepitia vyote viwili

Gari ni Toyota Mark X ya GRX120, injini 4GR-FSE, ile V6 ya lita 2.5 inayopatikana pia kwenye Lexus IS250. Nililinunua kwa kijana mmoja hapa hapa Dar likiwa tayari limeng'olewa boksi la filta ya hewa. Mahali pake palikuwa na bomba la alumini linalong'aa na filta nyekundu ya wazi, yenye umbo la pia. Kijana alinifungulia boneti kwa mbwembwe, akaniambia hapo kuna nguvu za ziada. Nililiendesha hivyo hivyo kipindi kirefu, foleni na safari za mikoani, kisha nikatafuta boksi la asili nikalirudisha. Haya ndiyo niliyoyaona.

Raha ya filta ya wazi ni mlio, na sitaki kuibeza. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, kuanzia mizunguko ya 3,000 hivi, V6 inavuta hewa kwa muungurumo mzito ambao kiwandani waliufunika makusudi. Kuyapita malori ukishaiacha Chalinze ni burudani tosha. Shida ni kwamba sikio linaishawishi akili: kelele imeongezeka, basi unaona na gari linachanganya zaidi.

Mimi nina kile kifaa kidogo cha OBD kinachochomekwa chini ya usukani na kusoma data kwenye simu, hela yake ni ya kawaida tu. Nikawa naangalia joto la hewa inayoingia kwenye injini. Saa nane mchana, foleni ya Barabara ya Mandela, nje nyuzi 32, hewa inayoingia ilipanda taratibu mpaka ikapita 60. Ukifungua boneti sababu unaiona kwa macho: filta imekaa wazi karibu na injini, na feni ya rejeta inaitupia joto lote. Hewa ikitoka nyuzi 40 kwenda 60 inakuwa nyepesi kwa takriban asilimia 6, na oksijeni inayoingia kwenye silinda inapungua kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo pale unapotaka gari lichomoke kutoka kwenye taa, ndipo linapokuwa zito. Sasa nikiwa na boksi, foleni ile ile na jua lile lile, namba inacheza kwenye 40 na kitu.

Lakini haki itendeke. Ukiwa barabara kuu, gari linatembea na upepo unaingia, tofauti ya joto karibu inaisha. Kibaha hadi Morogoro sikuona cha kubishania.

Wanaouza hivi vitu husema vinaleta hewa ya baridi. Tazama boksi la Toyota limeunganishwa wapi: lina mkondo wa plastiki unaokwenda mbele kabisa, unachukua hewa ya nje kabla haijapita kwenye rejeta. Hewa ya baridi tayari ilikuwapo, ila haing'ai.

Kilichonikera zaidi ni taa ya chek injini. Ilikuwa inawaka, inazima, inawaka tena, na kodi za hitilafu ni P0171 na P0174, yaani pande zote mbili za V6 mchanganyiko una mafuta kidogo kuliko yanayohitajika kwa hewa iliyoingia. Fundi wa kwanza alitaka nibadilishe sensa ya hewa. Wa pili akasema pampu ya mafuta. Jibu lilikuwa kwenye bomba. Sensa ya MAF, ndiyo hiyo sensa ya hewa, inapima hewa inayoipitia pale ilipo, na kompyuta inajua kipenyo cha bomba la kiwandani tu. Bomba la alumini lilikuwa pana zaidi, hewa inapita polepole mbele ya sensa, sensa inaripoti kidogo kuliko kilichoingia. Kompyuta ikishtukia kupitia sensa za oksijeni inaongeza mafuta kufidia. Kwenye simu nilikuwa naona fidia ya kudumu ya asilimia 14 na zaidi. Baada ya kurudisha boksi, na sensa ikiwa ile ile, ilishuka hadi 3. Taa haijawaka tena. Kabla hujanunua sensa mpya, pima kwanza kipenyo cha bomba inapokaa, na kagua vibano vyote visiwe vinavuja hewa nyuma yake.

Halafu vumbi. Tulikwenda kijijini, Kilolo, kiangazi, udongo mwekundu unaoingia hadi kwenye mikoba. Tuliporudi nilifungua bomba, nikapitisha kitambaa cheupe kwa ndani, upande ambao hewa tayari imeshachujwa. Kikatoka na rangi ya kutu. Filta ile ya pamba inafanya kazi kwa mafuta yanayonata; ikikauka au ikioshwa ovyo, vumbi laini linapita, na vumbi hilo lina mchanga unaosaga pistoni na kuta za silinda taratibu. Ukizidisha mafuta nako unachafua sensa. Filta ya karatasi haina mambo hayo: ikijaa unatupa, unaweka nyingine. Tangu nirudishe boksi nimerudia kile kitambaa baada ya safari ya aina hiyo hiyo, kimetoka safi.

Kwa wale wenye aina ya bomba refu linaloshuka mpaka nyuma ya bampa, hali ni ya hatari zaidi kwa sisi wa Dar. Masika mnayajua, na Jangwani mnaijua inavyofurika. Filta ikizama injini inavuta maji, na maji hayabanwi kama hewa. Pistoni inapanda, inagota, konrodi, kile chuma kinachoishika pistoni, inapinda. Hapo unaongelea kununua injini.

Kuna ambao sitabishana nao. Gari lenye turbo, yaani feni inayosukumia injini hewa kwa nguvu, mwenyewe ameshaongeza presha na kompyuta imeprogramiwa upya kwa bomba hilo, huyo boksi la kiwandani linaweza kweli kumbana. Hata hapo ningechagua aina iliyofunikwa ndani ya boksi lake, yenye mkondo wa kuvuta hewa ya mbele. Lakini Mark X, Altezza au IST isiyoguswa kitu kingine, sioni faida zaidi ya mlio. Na msidhani itawasaidia milimani: ukipanda Kitonga kwenda Iringa, karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, injini isiyo na turbo inapoteza takriban asilimia 1 kwa kila mita 100. Hewa yenyewe ni nyepesi kule, filta haitaiongeza.

Boksi nililipata Ilala, la gari lililokatwa, shilingi 70,000 baada ya kupatana sana. Ukienda kutafuta, angalia klipu zote ziwe nzima, maana zikivunjika mafundi wanafunga kwa waya na mfuniko unabaki na mwanya. Dai na ule mkondo wa mbele, wauzaji wengi wanautenganisha ili wauuze peke yake. Hakikisha pia sehemu ya kukaa sensa ni ya injini yako. Filta ya karatasi nilinunua Kariakoo. Zipo za bei ya chini zenye mpira mgumu wa pembeni usiobana vizuri, hizo ziache. Ibonyeze kwa kidole: mpira ukirudi wenyewe, nunua. Na fundi akitaka kuipuliza kwa kompresa, apulize kutoka ndani kwenda nje, mbali kidogo, asiitoboe.